Nyumba ya Yatima Isiwe Bweni: Funzo la Kijiji cha Tadjourah

Kitisuru, katika viunga vya magharibi vya jiji la Nairobi, ni mtaa wa miti mirefu, nyua za michongoma na nyumba zenye mapaa ya mteremko. Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na jioni zake zina baridi. Kwa hiyo nyumba ya huko hutaka dirisha pana ili jua liingie, paa lililoinama ili mvua iteremke, na uwanja wa nyasi wa kuota jua la asubuhi. Ni nyumba inayoelewana na mahali pake. Ichukue ramani hiyo hiyo uipeleke Garissa, Wajir au Djibouti, na dirisha lile pana litageuka mlango wa tanuri, na uwanja wa nyasi utakuwa vumbi tupu kabla mwaka haujatimu.

Hata hivyo ramani husafiri kuliko watu. Kila mmoja wetu analijua umbo la makazi ya mayatima lililozoeleka: jengo refu lenye ukumbi mwembamba katikati, vyumba vya kulala vyenye vitanda vya orofa, paa la mabati, ukumbi mmoja wa kulia chakula, ukuta, lango na mlinzi. Jengo la namna hiyo laweza kuwekwa popote, na kwa sababu hiyo halifai hasa mahali popote. Mtoto hulala humo, hula humo, wala hakosi nguo. Akiulizwa kwao ni wapi, hutaja jina la taasisi.

Je, yawezekana kuyajenga makazi ya mayatima yakawa nyumba kweli, tena nyumba ya nchi ile ile aliyozaliwa mtoto? Jibu moja zuri limejengwa upande wa pili wa Pembe ya Afrika, na aliyelibuni ni msanifu majengo ambaye kazi yake sisi watu wa pwani tunaijua.

Mji wa watoto

Tadjourah ni mji wa kale wa Waislamu katika nchi ya Djibouti, kando ya ghuba inayoitwa kwa jina lake. Wenyeji wake wengi ni Waafar, watu ambao kwa karne nyingi wameishi kwa kuhama na mifugo, wakibeba nyumba zao za mikeka juu ya ngamia. Nyuma ya mji kuna milima mikavu ya mawe, mbele yake bahari. Mvua ni haba mno, na katika miezi ya kiangazi joto hupita nyuzi 40.

Huko ndiko shirika la SOS lilikotaka kujenga kijiji cha watoto. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1949 nchini Austria na Hermann Gmeiner, baada ya vita vikuu kuacha watoto wengi bila wazazi. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: badala ya bweni, mtoto apewe mama wa kumlea, ndugu wa kukua nao, nyumba yao wenyewe, na kijiji kinachoizunguka nyumba hiyo. Nchini Kenya shirika hilo lina vijiji katika miji kadhaa, Nairobi na Mombasa ikiwemo.

Kazi ya kukibuni kijiji cha Tadjourah ilipewa ofisi ya Urko Sánchez, Mhispania aliyekuja upande huu wa Afrika, akaishi Lamu, na ambaye ofisi yake hufanya kazi kutoka Kenya. Kijiji kilikamilika mwaka 2014, nacho kina nyumba 15.

Wabunifu hawakuanza na jengo. Walianza kwa kuuliza watu wa nchi za joto kali wamejilindaje na jua karne zote hizi. Wakachukua umbo la mji wa kale wa Kiarabu na wa Afrika Kaskazini: nyumba zilizosogeleana, vichochoro vyembamba, na viwanja vidogo vinavyojitokeza pale vichochoro vinapokutana. Nyumba zote 15 zina mpango mmoja, lakini kila moja imegeuzwa upande wake, ndiyo maana mtu akipita haoni safu ya majengo yanayofanana kama mabehewa ya gari moshi. Gari haliingii. Njia yote ni ya miguu, na njia ya miguu ndiyo uwanja wa kuchezea watoto.

Jinsi kivuli kinavyofanya kazi

Mkaazi wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa hatashangazwa na habari hii. Anajua kwamba saa saba mchana yawezekana kutembea kichochoroni bila mwavuli, ilhali barabara kuu inawaka. Sababu yake si fumbo. Nyumba zikisogeleana, kila ukuta hutupa kivuli juu ya ukuta wa jirani, na ukuta usiopigwa na jua hupitisha joto kidogo zaidi ndani. Upepo nao, ukibanwa kati ya kuta mbili, hupita kwa kasi zaidi kuliko katika uwanja wa wazi.

Tadjourah wametumia kanuni hizo hizo. Madirisha na matundu yamewekwa ili hewa iingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Pale ambapo nyumba moja humzuilia mwenziwe upepo, paa lina dohani iliyoinuka kuudaka upepo wa juu na kuuteremsha ndani. Dohani za namna hiyo zinajulikana tangu kale nchini Iran na katika Ghuba, na huko Misri msanifu Hassan Fathy, aliyefariki mwaka 1989, alitumia umri wake mwingi kuwakumbusha watu wake kwamba babu zao walijua kupoza nyumba kabla ya umeme kuzaliwa.

Jambo hili lina hesabu ndani yake. Makazi ya watoto huendeshwa kwa sadaka, na sadaka ina misimu. Nyumba inayotegemea mashine ya kupoza hewa itakuwa tanuri siku ambayo bili ya umeme haikulipwa. Nyumba inayopozwa na ukuta na upepo haiulizi kama mfadhili amekumbuka mwezi huu.

Kila nyumba pia ina sehemu zake za nje zilizo faragha, hata wanaopenda kukaa, kupika au kupumzika nje waweze kufanya hivyo bila kuonekana na wapitao. Kwa watu ambao wazazi wao waliishi chini ya mbingu, hili si la anasa. Wakaazi wakahimizwa kupanda na kuitunza mimea yao wenyewe. Mtoto anayemwagilia mche wake katika nchi kame hujifunza kwamba pana kitu hapa duniani kinachomngojea yeye.

Nyumba njema si mlango

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na hapa ndipo sisi wa pwani tuna elimu ya kuchangia. Nyumba ya kale ya Kiswahili ilikuwa na ngazi za faragha. Penye daka na baraza mgeni hukaribishwa bila kuingia ndani. Kisha hufuata tekani, na ule ua wa ndani ambao Waamu huuita kiwanda, wenye mwanga na hewa. Na ndani zaidi ndiko waliko wenye nyumba. Katika mji wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, bado lipo wikio, daraja lililofunikwa linalovuka juu ya kichochoro kuunga nyumba mbili za jamaa, ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Wale mafundi walijenga uhusiano wa watu kwanza, kisha wakauwekea kuta.

Nyumba ya kulelea mayatima wa Kiislamu inahitaji akili hiyo hiyo. Watoto wasiozaliwa tumbo moja, wakikua chini ya paa moja, hufika siku ya kubaleghe. Sheria yetu haiwahesabu kuwa mahramu kwa kuishi pamoja tu, isipokuwa kama walinyonya ziwa moja kwa masharti yake. Bweni hulitatua jambo hili kwa kuwatenganisha watoto mapema, hata ndugu wa damu, mvulana akapelekwa jengo hili na dada yake lile. Nyumba iliyobuniwa vyema hulitatua kwa mpango: vyumba vya wasichana karibu na cha mama, vya wavulana upande wa pili wenye mlango wake, na ua katikati ambapo wote hukutana kula na kusoma wakiwa na stara. Ndugu wawili waliofiwa na baba hawana haja ya kupoteana pia kwa sababu ya ramani.

Swali lililo kabla ya jengo

Lakini uzuri wa kijiji usitusahaulishe swali linalokitangulia. Katika sheria yetu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Maana yake, wengi tunaowaita mayatima wana mama aliye hai, tena wana nyanya, ami na shangazi. Wengi wa watoto waishio katika makazi ya mayatima duniani wana mzazi hai au jamaa wa karibu. Kilichowatoa nyumbani ni ufukara. Mjane asiyeweza kulipa kodi ya chumba humpeleka mwanawe mahali ambapo sahani ya chakula ina uhakika. Sisi hujenga jengo, tukamchukua mtoto, tukamwacha mama pale pale alipokuwa.

Serikali ya Kenya imelitazama jambo hili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala, ule utaratibu wetu wa kumlea mtoto wa mwingine huku akibaki na jina la baba yake na nasaba yake, kama Qurani ilivyoagiza katika Surat al-Ahzab. Na mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi, wa miaka ya 2022 hadi 2032, unakusudia kuwatoa watoto katika taasisi na kuwarejesha katika familia kwa utaratibu.

Wapo wanaoiona hatua hii kuwa shambulio juu ya vituo vyetu, na wana hoja ya kusikilizwa. Huko Garissa, makazi ya watoto wa Kiislamu yaliyoanzishwa na jumuiya ya vijana wa Kiislamu tangu miaka ya mwisho ya 1960 yamewapa elimu vijana wa Kaskazini Mashariki ambao wasingeipata kwingineko. Nani angewalea nyakati za vita na ukame? Swali hilo ni la haki. Wako watoto ambao kwao hakuna mlango uliobaki wa kubisha, na hao wanahitaji nyumba iliyo tayari.

Hoja hizi mbili hazipingani. Kijiji cha Tadjourah kilibuniwa pamoja na mipango ya kuziimarisha familia, si kuwapokea watoto tu. Mtoto abaki na mamake ikiwezekana. Akikosekana mama, aende kwa jamaa. Akikosekana jamaa, apate familia ya kafala. Na akikosa vyote hivyo, basi makazi yatakayompokea yawe nyumba ya watu wachache, yenye jiko lake na mama wake, katika mtaa unaofanana na kwao.

Kabla ya kutoa

Mama zetu ndio hasa wanaokusanya michango hii, katika darsa, katika vyama vya akina mama, na katika mwezi wa Ramadhani. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemuahidi mwenye kumlea yatima ujirani naye Peponi wa karibu kama vidole viwili. Thawabu kubwa namna hiyo yastahili kuulizwa maswali machache kabla ya fedha kutoka mkononi.

Ulizeni: Kati ya watoto hawa, ni wangapi wenye mama hai, na je, yeye amesaidiwa kwanza? Ndugu wa damu wanakaa pamoja? Kila nyumba ina watoto wangapi, na je, mlezi ni yule yule mwaka baada ya mwaka, au hubadilika kila zamu? Kuna jiko ambamo binti na mvulana watajifunza kupika, au chakula hutoka katika sufuria moja ya mia? Saa nane mchana wa mwezi wa Februari, joto la chumba cha kulala likoje? Na mtoto akifika umri wa kuondoka, atakuwa na mlango gani wa kurudia siku ya Idi?

Msimamizi mwema atayafurahia maswali haya, kwa kuwa yeye mwenyewe huyawaza usiku. Na ikiwa jumuiya yenu imekwisha kununua kiwanja Garissa, Kilifi au Tana River, mkalisheni fundi mzee wa mahali hapo pamoja na msanifu wenu kabla ya msingi kuchimbwa. Aulizwe upepo hutoka wapi alasiri, maji hupita wapi mvua inyeshapo, na nyumba ya mamake ilielekea upande gani.