Wimbo Ulioulipia: Umeununua au Umeukodi?

Kwa miaka kadhaa sasa, swali moja limekuwa likinijia mara kwa mara kutoka kwa wanafunzi wangu, hasa wale wanaotoka Dandora, Kayole, Umoja na mitaa mingine ya mashariki mwa Nairobi: ni huduma gani ya mtandaoni inayomfaa mtu anayetaka kununua nyimbo na kuzipakua katika simu yake? Aghalabu muulizaji hutarajia nimtajie jina moja, alichukue, aende zake. Nami humjibu kwamba kabla ya kutaja majina yafaa tulichunguze swali lenyewe, kwani ndani yake mna vitenzi viwili, kununua na kupakua, ambavyo wafanyabiashara wa siku hizi wamevichezea hadi maana zake zinakaribia kupotea.

Tuanze na kupakua. Kompyuta zilipohitaji neno hili, Kiswahili hakikuhangaika kuunda jipya. Kilikwenda jikoni na bandarini. Kupakua ni kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Ni kushusha shehena kutoka chomboni. Katika hali zote mbili kitu huhama: chungu kikiondolewa, au jahazi likitweka tanga na kwenda zake, wewe umebaki na chako. Kununua nako ni kutoa thamani ili kitu kiwe milki yako. Kukodi ni jambo jingine kabisa: unatumia kwa muda na kwa masharti ya mwenyewe, na siku ukikosa kodi unafungiwa mlango. Mkazi wa Kayole anayelipia chumba kila mwanzo wa mwezi hahitaji mwalimu wa isimu amfafanulie tofauti hiyo. Ajabu ni kwamba tofauti aijuayo vyema nyumbani huisahau mara anaposhika simu.

Mitaa hii si wasikilizaji tu wa muziki. Ni wazalishaji wake. Kundi la Kalamashaka lilitoka Dandora mwishoni mwa miaka ya tisini, likauthibitishia umma kwamba muziki wa kufokafoka unaweza kuimbwa kwa Kiswahili na Sheng, na mwaka 2001 likatoa albamu yake Ni Wakati. K-South walilichukua jina lao kutoka Kariobangi South. Mtaa wa California, Eastleigh, ulitupa studio ya Calif na mtindo wa genge. Mwaka 2018 vijana wa Ethic kutoka Umoja waliutangaza mtindo wa gengetone kwa wimbo uliosambaa kupitia YouTube. Zama za kaseti, msanii wa mitaa hii alinyonywa na wanakili waliorudufu kazi yake vichochoroni. Baadaye wakaja wenye vibanda, ambao kwa shilingi chache hukujazia memori kadi mamia ya nyimbo. Ukikitazama kibanda hicho, utaona kwamba mwenye kompyuta amelipwa, mwenye kadi amefurahi, na aliyeimba, ambaye huenda anaishi nyuma ya kibanda hichohicho, hakupata hata senti.

Basi huduma halali zilizopo ni za aina gani? Kwa maoni yangu ni nne.

Ya kwanza ni ile ambayo msikilizaji hupakua bila malipo, naye mtangazaji wa biashara ndiye hulipa. Mfano wake ni Mdundo, iliyozaliwa papa hapa Nairobi na ambayo mwaka 2020 hisa zake ziliingia katika soko la Copenhagen. Sifa yake ni kwamba faili unayopata ni faili kweli: unaweza kuihamisha. Gharama yake ni tangazo.

Ya pili ni ya kukodi, yaani kulipia kwa siku, wiki au mwezi ili usikilize utakacho. Boomplay ilianza mwaka 2015, na iliwafikia wengi kwa kuwekwa kiwandani katika simu za Tecno. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Hizi nazo zina kitufe cha kupakua, na hapa ndipo lugha inapopotoshwa. Wimbo uliopakuliwa humo hukaa ndani ya programu, umefungwa; ukiacha kulipa, hausikiki. Huo ni mfano wa chakula kilichopakuliwa katika sahani iliyofungwa mnyororo mezani pa mwenye hoteli.

Ya tatu ni ya kununua hasa. Apple ilifungua duka la iTunes Marekani mwaka 2003 kwa senti 99 kila wimbo. Nyimbo hizo nazo zilikuwa na kufuli ya kidijitali mpaka ilipoondolewa mwaka 2009. Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka 2008, humruhusu msanii kupanga bei yake, nayo hujikatia asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, kando na ada ya kupitisha malipo. Mnunuzi hupata faili isiyo na kufuli.

Ya nne ni milio ya simu, ambayo kwetu ilipata umaarufu kwa jina la Skiza tangu mwaka 2009. Hii ni biashara ya ajabu kidogo: hulipi ili usikie wewe, bali asikie anayekupigia. Hata hivyo, ndiyo iliyozusha mjadala mkubwa kuhusu mgawo wa msanii, mpaka marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yakatamka kwamba mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52 ya mapato hayo.

Sasa mteja achague vipi? Naona kuna mambo manne ya kupima.

Kwanza, aulize: nikiacha kulipa, nitabaki na nini? Hata kampuni kubwa hufunga duka. Google ilipoizima huduma yake ya Google Play Music mwishoni mwa mwaka 2020, wateja walipewa muda wa kuhamisha nyimbo zao. Aliyekuwa na faili zake mwenyewe hakuwa na haja ya kukimbizana na tarehe hiyo.

Pili, apige hesabu ya bando. Wimbo wa dakika nne uliorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde una takriban megabaiti 4. Kwa kilobiti 320 unakaribia megabaiti 10. Ukiupakua wa kwanza mara moja, umetumia megabaiti 4, basi. Ukiusikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni mara 100, umetumia karibu 400. Kwa mwanafunzi anayenunua bando kwa kupimiwa, tofauti hii si ndogo.

Tatu, atazame njia ya malipo. Mitaani kwetu pesa ni M-Pesa. Maduka mengi ya ng'ambo hudai kadi ya benki, na kwa muda mrefu sharti hilo pekee liliwafungia nje watu waliokuwa tayari kulipa. Tangu mwaka 2022 M-Pesa imekuwa na kadi ya Visa isiyoshikika, inayotumika kulipia ng'ambo. Kisingizio hicho, basi, kimepungua nguvu.

Nne, aulize fedha zake zinamfikia nani. Katika kukodi, mapato ya wateja wote hukusanywa chunguni kisha hugawanywa kulingana na idadi ya usikilizwaji. Msanii wa Kariobangi anapimwa kwa mizani ileile ya nyota wa dunia. Katika kununua, mnunuzi anajua aliyemnunulia.

Nakiri kwamba upande wa pili una hoja. Mwanafunzi hana fedha za kununua kila wimbo anaoutamani, na kukodi humfungulia maktaba ambayo baba yake hakuiota. Isitoshe, kukodi kihalali ni bora mara elfu kuliko kibanda. Hayo nayakubali. Ninachokipinga ni kukodi kukiitwa kununua, mtu akadhani ameweka akiba kumbe amepanga chumba.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Sheng hubadilika haraka. Maneno yaliyotamba Dandora miaka ya tisini, kijana wa Dandora wa leo hayatambui yote. Mengi ya maneno hayo hayakuandikwa kamusini, lakini yaliimbwa. Nyimbo za mitaa hii ni hifadhi ya lugha, na mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi lugha inavyozaliwa na kuzeeka hana kitabu bora kuzishinda. Hifadhi ya namna hiyo haiwezi kuachwa katika nyumba ya kupanga. Tazama alivyofanya KMRU, mwanamuziki wa Nairobi: babu yake, mzee Joseph Kamaru, aliyefariki Oktoba 2018, aliacha nyimbo nyingi za Kigikuyu, na mjukuu huyo akazichukua na kuziuza upya kupitia Bandcamp. Leo mtafiti anaweza kuzinunua, akazihifadhi, na akajua fedha zimeifikia familia ya mtunzi.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Kodi ili uonje. Tumia huduma ya matangazo mfuko unapokauka. Lakini wimbo unaoupenda kwa dhati, au unaoufundishia, ununue hasa pale unapouzwa, uunakili katika flashi ya pili, na uandike jina la mtunzi na mwaka. Shule nazo zingeweza kutenga fungu dogo kwa kazi hiyo, kama zinavyonunua vitabu vya maktaba. Tusipofanya hivyo, vizazi vijavyo vitasimuliwa kwamba mitaa ya mashariki mwa Nairobi iliwahi kuimba, na vikiuliza iliimba nini, hatutakuwa na cha kuvisikizisha. Akiba haiozi, ila kwanza sharti iwe yako.