UZI: "Wizi wa kuvunja nyumba umepanda maradufu!" Maradufu ya ngapi?

1/ Msimu wa siasa ukifika, hapa Nchiru hakosi mtu wa kushika maikrofoni aseme uvunjaji wa nyumba "umepanda asilimia 100". Mpinzani wake atajibu ati usalama haujawahi kuwa mzuri hivi. Na wote wawili wanaweza kuwa na takwimu mkononi. Nasoma sayansi ya siasa, wacha tuipasue hii hesabu.

2/ Kwanza sheria. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kuvunja si lazima kufuli ikatwe. Mwizi akisukuma tu mlango uliofungwa bila kufuli, amevunja. Akiingia mchana kuiba, ni hadi miaka 7 jela. Usiku, hadi 10. Na "usiku" unaanza saa 12:30 jioni hadi 12:30 asubuhi.

3/ Sasa, takwimu za polisi hazihesabu milango iliyovunjwa. Zinahesabu visa vilivyofika kituoni vikaandikwa kwenye OB. Ukiibiwa kitambulisho utaenda, manake unahitaji abstrakti. Ukiibiwa mtungi wa gesi wa kilo 6? Wengi wetu tunanyamaza na kuanza kuchanga pesa za mwingine.

4/ Kwa hivyo namba ikipanda, huenda wezi wameongezeka. Ama huenda watu wameanza kuripoti. Ikishuka, huenda kuna amani, ama watu wamekata tamaa na kituo. Namba peke yake haikwambii ni gani.

5/ Halafu udogo wa mji. Tuseme mwaka jana visa vilikuwa 4, mwaka huu 8. Hiyo ni asilimia 100 kweli. Lakini visa vinne vya ziada vinaweza kuwa usiku mmoja, ploti moja, mwizi mmoja, wanafunzi wakiwa likizo.

6/ Kaunti nazo hazilinganishwi kwa macho. Sensa ya 2019: Meru watu 1,545,714, Embu 608,599. Tuseme kila moja ina visa 300 (mfano tu). Meru ni kama 19 kwa kila watu 100,000, Embu kama 49. Na hata hiyo ya Meru imechanganya Maua, Nkubu, Timau na sisi. Haisemi lolote kuhusu Nchiru.

7/ Nani aulizwe? Katiba, Jedwali la Nne: polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa, taa za barabarani ni za kaunti. Mgombea wa kaunti akikuahidi "polisi zaidi", muulize kwa mamlaka gani. Kisha muulize kuhusu ile njia ya giza ya kwenda hosteli. Hiyo ni yake.

8/ Ukisikia asilimia jukwaani, uliza: kutoka ngapi hadi ngapi? Eneo gani? Miaka mingapi? Na kama hawana jibu, Ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa wewe raia haki ya kuomba takwimu kwa maandishi. Ofisi inafaa ikujibu ndani ya siku 21.

9/ La mwisho, wadau. Ukivunjiwa keja, hata kama ni gesi tu, nenda kituoni, uandikishe, uondoke na namba ya OB. Usipoandikisha, kwenye vitabu hukuibiwa. Na siku tukiomba doria ama kituo karibu na sisi, watafungua vitabu hivyo hivyo watuambie Nchiru ni shwari.