Bunduki ya Risasi Moja

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: gobori, baruti, mtutu, mdeki, gumegume. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti.

(Kimya kidogo.)

Ahsanteni. Leo tutazungumza habari za gobori, yaani bunduki inayojazwa kwa mdomo wa mtutu. Wazee wetu waliijua sana. Katika karne ya 19 bunduki za namna hii zilikuja kwa maelfu kutoka Ulaya. Zilipitia Unguja, zikafika bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyekufa mwaka 1884, alikuwa na askari wengi wenye magobori. Baadaye zikaja bunduki zinazojazwa kwa nyuma, na gobori likaonekana kitu cha zamani.

Basi, hapa pana jambo la kushangaza. Huko Marekani, nchi yenye bunduki nyingi za kisasa, wako watu ambao kwa hiari yao huziacha bunduki hizo nyumbani, wakaenda kuwinda kwa gobori. Kwa nini? Hilo ndilo swali la somo letu.

Kwanza tuone jinsi gobori la gumegume linavyofanya kazi. Gumegume ni jiwe gumu linalotoa cheche. Mwindaji husimamisha bunduki, kitako chini, mdomo juu, uso wake ukiwa kando. Hupima baruti, akaimimina ndani ya mtutu. Kisha huweka kitambaa kidogo chenye mafuta juu ya mdomo wa mtutu, na juu ya kitambaa huweka risasi ya mviringo. Huvisukuma vyote kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu, mpaka risasi ikae imara juu ya baruti. Asiache nafasi katikati, kwa maana mtutu waweza kupasuka.

Halafu hutia baruti laini kidogo katika kifa, yaani kibakuli cha chuma kilicho kando ya mtutu. Ndipo hupanza mtambo. Akifyatua, gumegume hupiga chuma, cheche huanguka katika kifa, moto hupita katika tundu dogo, na baruti ya ndani hulipuka. Moshi mweupe hutanda mbele yake, hata kwa kitambo haoni kama amepiga au amekosa.

Kazi hiyo yote ni kwa risasi moja tu. Hata mtu hodari huhitaji nusu dakika au zaidi kujaza tena, na mnyama hangoji.

Sasa twende Pennsylvania, jimbo lililo mashariki ya Marekani. Katika karne ya 18 mafundi wa huko, wengi wao wenye asili ya Ujerumani, walitengeneza bunduki ndefu za gumegume. Ndani ya mtutu walichonga mifuo ya kuzunguka. Mifuo hiyo huizungusha risasi, nayo huenda sawasawa bila kuyumba. Mwaka 1974 jimbo hilo lilianzisha msimu wa kuwinda ayala kwa bunduki za gumegume. Ayala wa huko ni mnyama mwenye mkia mweupe, anayefanana kidogo na kulungu wetu. Msimu huo huja baada ya Krismasi, wakati wa baridi kali, nao ungaliko hata leo.

Tumwangalie mwindaji mmoja wa huko. Ameketi chini ya mti tangu alfajiri. Vidole vimekufa ganzi. Amefunika mtambo kwa ngozi, kwa sababu baruti ikiingia unyevu haiwaki. Mara ayala anatokea, lakini yu mbali, na matawi yanamkinga. Mwenye bunduki ya kisasa yenye darubini angeweza kupiga hata kutoka mita 200. Huyu wetu hana hakika na risasi yake hata katika mita 100. Je, apige au asipige?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ya gobori ikitoka hakuna ya pili. Akipiga vibaya, mnyama atakimbia na jeraha, akafe polepole mahali asipoonekana. Mwindaji mwema hushusha mtambo wake taratibu, akamwacha mnyama apite. Atarudi nyumbani mikono mitupu, lakini moyo wake hauna deni.

Wapenzi wa gobori husema kwamba raha yake ni hiyo hiyo. Bunduki yenye risasi nyingi humpa mtu nafasi ya kujaribu tena. Gobori humlazimisha kufikiri kwanza. Humlazimisha pia kujua upepo unatoka wapi, nyayo ni za lini, na mnyama hupenda njia gani, maana ni lazima amkaribie. Tena ni kazi ya mikono yake mwenyewe, na wengine huyeyusha madini wakatengeneza hata risasi zao.

Labda mzee mmoja darasani atasema, "Mwalimu, hawa wana shibe. Sisi tuliwinda kwa gobori kwa kuwa hatukuwa na kingine." Mzee wangu, umesema kweli. Mama aliyetwanga mahindi kwa kinu miaka 30 haoni kinu kuwa mchezo. Shida ya kulazimishwa ni mzigo, bali shida ya kujichagulia yaweza kuwa furaha. Lakini hata wazee wetu, ambao hawakuchagua, walijifunza somo lile lile: baruti ilikuwa ghali, na mtu hakuitupa ovyo.

Tena tusidanganyane. Gobori mkononi mwa mtu mzembe hujeruhi wanyama kuliko bunduki nzuri. Subira haimo katika chuma, imo ndani ya mtu.

Mwisho, nawaonya. Magobori yanayoundwa kwa siri kwa mabomba hupasuka, yakawaua au kuwalemaza wenyewe. Kuwa na bunduki bila kibali ni kosa, na kuwinda bila leseni ni kosa pia. Ukiokota gobori la zamani shambani au darini, usilifyatue, usilitie motoni. Baruti yaweza kuwa imo ndani miaka mingi, nayo ikiwa kavu hulipuka. Liache pale pale, uwaite polisi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini risasi ikae imara juu ya baruti?
2. Kwa nini mwindaji wetu hakupiga? Wewe ungefanya nini?
3. Taja kazi moja ya kwako ambayo huwezi kuirudia ukikosea. Hujiandaaje kabla ya kuianza?

Jibuni swali la tatu kwa maandishi, mistari mitano. Kwaherini, mpaka somo lijalo.