Ilimba ya Mzee Haina Kosa, Wekeni Tupa Chini

"Mwalimu, marimba ya mzee iko nje ya ufunguo. Tuifanyeje iingie kwenye kibodi? Tunataka tumtoe na albamu, kila wimbo na msanii wake: mmoja wa Bongo Fleva, mmoja wa singeli, mmoja wa injili."

Swali hili nimelijibu Singida mjini, nimelijibu Manyoni, na sasa nimelijibu tena hapa Ilongero, safari hii chombo chenyewe, ilimba ya vyuma, kikiwa mezani mbele yangu. Kijana aliyekileta ana studio safi, ana kompyuta nzuri na masikio yake yako sawa. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshatangulia kufanya kazi. Ncha za vyuma vya katikati zilikuwa zinang'aa, na unga wa chuma ulikuwa bado umenasa kwenye nta. Alikuwa amezipiga tupa moja moja huku programu ya simu ikimwashia taa ya kijani kila noti ilipofika pale simu ilipotaka. Kwa mujibu wa simu, kazi ilikuwa imekwisha. Nilipoipiga mimi, nusu ya sauti ya ilimba ile ilikuwa haipo tena.

Nimechoka kulisema hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika. Ilimba ya Kigogo haiko nje ya ufunguo. Haijawahi kuwa. Iko ndani ya ufunguo ambao kibodi yako haina.

Chukua uzi wa zeze. Tuseme unatetemeka mara 100 kwa sekunde. Ndani ya mlio huo huo mna milio mingine myembamba inayopanda juu yake kwa mpango usiobadilika: 200, 300, 400 na kuendelea. Mpango huo hakuupanga mtu. Ndivyo uzi unavyotetemeka, uwe Ilongero au Vienna. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyezunguka Tanganyika na kinasa sauti miaka ya 1960, alionyesha kwamba Wagogo wamejenga ngazi yao ya sauti juu ya milio hiyo hiyo, kuanzia wa nne hadi wa tisa. Kwa uzi wetu wa mfano itakuwa 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Ule wa 800 ni ule ule wa 400 uliopanda oktava moja, kwa hiyo unabaki na sauti tano. Hizo tano ndizo anazoimba mama wa Kigogo kwenye ngoma ya muheme, ndizo zilizo kwenye zeze, na ndizo zilizofungwa kwenye vyuma vya ilimba.

Sasa nenda kwenye kibodi. Kibodi imekatwa oktava vipande 12 vilivyo sawa kabisa. Ukianza na 400, noti yake inayoikaribia 500 inatokea 504. Ile ya 600 inatokea 599 na ushee. Ile ya 700 haipo kabisa. Jirani yake wa karibu ni kama 713. Mgawanyo huo una faida yake, nami sina ugomvi nao: unamwezesha mpiga piano kuhama ufunguo wowote bila kutyuni upya. Lakini faida hiyo imelipiwa kwa kusogeza karibu kila noti mbali na pale inapokaa yenyewe. Kati ya vyombo viwili vilivyo mezani, kilichosogezwa ni kibodi.

Wanaosema wazee walikuwa wanakadiria tu, waniambie jambo moja. Kama ni makadirio, kwa nini ilimba inakubaliana na zeze, na zeze linakubaliana na sauti za waimbaji, tena kijiji hata kijiji? Anayekosea hovyo hovyo hapatani na mwenzake aliyekosea hovyo hovyo. Anayefunga ilimba anasikiliza kila chuma dhidi ya mwenzake mpaka milio miwili inatulia na kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo anapoacha. Hicho ni kipimo, tena kikali kuliko taa ya kijani.

Na hiyo 440 mnayoiona kwenye programu za simu mkadhani ni sheria ya maumbile, ni makubaliano tu. Wajumbe walikutana London mwaka 1939 wakapatana kwamba noti ya A iwe na mitetemo 440 kwa sekunde, ili okestra za miji mbalimbali zielewane. Ni jambo jema kwa okestra. Hakuna mzee wa Manyoni aliyetia saini.

Sikatai kwamba kijana wetu alisikia kitu kibaya. Alisikia kweli. Ukipiga 700 ya ilimba na 713 ya kibodi kwa pamoja, milio hiyo miwili inagombana mara 13 kwa sekunde, na sikio linapata mkwaruzo. Kosa lake ni kumkamata asiyehusika. Kati ya wawili wasiopatana alimchagua mzee ndiye abadilike, kwa sababu mwenzake ana plagi na skrini. Hilo ndilo linaloniuma. Wengi wetu tunafanya uamuzi huo kabla hata ya kusikiliza.

Tupa yenyewe inafanya nini? Ikigusa ncha, chuma kinafupika na kuwa chepesi, mlio unapanda. Ile 700 inapelekwa 713, simu inafurahi. Lakini ilimba ya Kigogo ina vyuma vingi ambavyo kidole hakivigusi. Vimepangwa katikati ya vile vinavyopigwa, na kazi yake ni kuitikia: ukipiga chuma kimoja, mwenzake aliyefungwa kwa mlio unaohusiana nacho anatetemeka mwenyewe, na sauti inajaa na kuzunguka. Chuma cha kuitikia hakibembelezwi. Ukimsogeza anayeita kutoka 700 kwenda 713, anayeitikia ananyamaza. Ndiyo maana ilimba iliyopigwa tupa inasikika kavu, fupi, kama kopo. Mzee akiipokea anaipiga mara mbili, anaiweka chini, na vijana wanasema mzee hataki mabadiliko.

Kuna dawa nyingine ya kienyeji ya studio ambayo ni ndugu ya tupa: kuziba mvumo. Ubao wa ilimba una tundu, na juu ya tundu umebandikwa utando mweupe wa mayai ya buibui. Mlio ukipita pale, utando unatetemeka na kutoa ule uvumaji mnaouita kelele. Nimekuta utando umebanduliwa na tundu limezibwa kwa selotepu. Nimekuta pia rekodi iliyopitishwa kwenye programu ya kusafisha kelele mpaka ilimba ikasikika kama mlio wa simu. Uvumaji ule ni sehemu ya sauti. Mtengenezaji aliuweka makusudi, akautafuta utando huo kwenye kuta na magome, akauchagua kwa unene wake. Anayeusafisha anafuta nusu ya kazi ya fundi, kisha anatafuta kwenye kompyuta kitu cha kuongeza joto la sauti.

Hapo ndipo huwa naletewa mfano wa Sérgio Mendes. Mpiga piano yule wa Brazil, mmoja wa walioisambaza bossa nova duniani, alitoa albamu ya Timeless mwaka 2006 akiwa na miaka 65, akaita wasanii wa hip hop na soul, akaurudia Mas Que Nada pamoja na Black Eyed Peas, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipovuma mwaka 1966 wakamjua. Kwa nini mzee wetu asifanye vile vile? Afanye, nami nitakuwa wa kwanza kununua. Lakini angalieni walichokuwa nacho mezani. Mendes alikuwa akipiga piano. Bossa nova imekaa kwenye piano na gita. Hip hop imekaa kwenye kibodi na sampuli za rekodi zilizopigwa kwa piano na gita. Walitofautiana mdundo, lugha na umri. Noti zao zilikuwa zile zile 12. Hakuna aliyehitaji kumpiga mwenzake tupa. Mfano wa Mendes unafundisha mengi kuhusu ukarimu wa mzee kwa vijana. Kuhusu kutyuni ilimba haufundishi lolote.

Mfano unaotuhusu uko jirani. Hukwe Zawose, Mgogo wa Doduma, Dodoma, mwalimu wa miaka mingi pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alitoa Assembly mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 60 na ushee, pamoja na Michael Brook, mpiga gita wa Kanada, chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Desemba, Zawose akafariki. Brook si mgeni wa kazi hizi. Alikuwa ameshafanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan. Tena anajulikana kwa gita alilolibuni mwenyewe, linalovuta noti moja bila kukatika. Fikirini faida yake. Chombo kinachovuta noti moja ya chini kwa muda mrefu kinaweza kukaa chini ya ilimba siku nzima wasigombane, kwa kuwa hakimwagi makodi yenye 504 na 713 ndani yake. Kabla ya Assembly sikilizeni Chibite ya 1996, Zawose akiwa na watu wake na vyombo vyake, ili mjue ni nini kilichoingia studio. Halafu muwafuate wa uzao wake: Msafiri Zawose na Uhamiaji ya 2017, yenye sintesaiza, na Pendo na Leah Zawose na Maisha ya 2024. Miaka zaidi ya 20 ya kuchanganya, ndani ya ukoo mmoja.

Wengine wananitajia Bi Kidude, aliyeimba wimbo wa Ahmada na vijana wa Offside Trick, ukapigwa kila harusi. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alileta sauti yake. Koo la binadamu linasogea lenyewe likisikia mwenzake, bila hata mwenye koo kujua. Chuma kilichobanwa kwenye ubao hakisogei. Msimtumie Bi Kidude kuhalalisha tupa.

Basi mfanye nini? Rekodini ilimba kwanza, peke yake au na mzee akiimba, kisha wengine wote waifuate. Tafuteni sauti yake ya msingi ilipo, mtyuni kibodi yote iende huko, msiipeleke ilimba kwenye 440. Kibodi nyingi, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Waarabu, zina sehemu ya kusogeza noti moja moja kwa senti, na semitoni moja ni senti 100: kutoka kwenye msingi, noti ya tatu ishusheni senti 14, ya saba ndogo ishusheni 31, ya tano ipandisheni 2, ya pili ipandisheni 4. Programu nyingi za studio zinaweza hivyo hivyo. Kama kibodi yenu haina, achaneni na makodi. Wekeni besi kwenye msingi na ya tano tu, ngoma, na sauti za watu. Fidla na gita la kuteleza vinaingia bila shida. Ototyuni ya msanii mgeni izimeni, au muiwekee hizo sauti tano badala ya 12, la sivyo itamvuta kutoka kwa mzee katika kila mstari. Wimbo wenye makodi mengi msioweza kuuacha, mlipeni fundi atengeneze ilimba ya pili kwa ajili yake, na ya mzee ibaki ilivyo. Maikrofoni moja ielekee tundu lenye utando, msiogope uvumaji. Mkiona umezidi, sogezeni maikrofoni, msiguse utando. Msimlazimishe mzee kufuata metronomu masikioni kama hajaizoea. Pigeni biti baada yake. Kabla ya kuachia wimbo wowote, uandikisheni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina la mzee kama mtunzi pale alipotunga, si kama "mpiga ala", na mgawanyo wa mapato uwe kwenye karatasi iliyosomwa mbele yake na mtu wa nyumbani kwake.

Na kwa ambaye tupa imeshapita: usinunue vyuma vipya bado. Kiguse kila chuma kilichopanda, ukivute kitoke nje kidogo kwenye daraja ili kirefuke, mlio utashuka. Kikifika mwisho na bado kiko juu, bandika nta kidogo chini ya ncha, uongeze mpaka yule wa kuitikia aanze kutetemeka tena. Hapo simama.