Saa za Sululu Usiku

Sululu ni yule ndege wa ufuoni mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Jirani yangu, mzee mvuvi, hushikilia kuwa mluzi wake usiku ni wa wageni wanaoingia kutoka Ulaya. Nilimwamini, mpaka nikaanza kuandika saa ninazousikia. Kila usiku ulichelewa kwa kama dakika 50. Wenye kuvua wanaijua saa hiyo: ni ya maji. Yakijaa hufunika matope ya mikokoni, nao huruka kutafuta pa kupumzikia, iwe mchana au usiku.

Wasafiri hasa hufuata jua. Wengi huondoka likishatua, na rada huonyesha kuwa huwa wengi zaidi angani kabla ya usiku wa manane. Ajabu ni kwamba sauti hazifuati hesabu hiyo. Watafiti wa Marekani waliosikiliza ndege wadogo wa msituni waliwasikia zaidi kuelekea alfajiri, wanaposhuka.

Taa nazo huvuruga mambo. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 ndege wahamao hunaswa kwa nyavu na kuvishwa pete, hasa Novemba na Desemba, kwani taa za hoteli huwavuta usiku wa ukungu usio na mwezi. Aliyevutwa huzunguka akilia, kisha akalia tena. Kelele juu ya hoteli zetu za ufuoni huenda zikawa za wachache waliopotea njia. Mimi ningezima taa usiku kama huo.

Mzee hajakubali. Ameniomba daftari.