Jinsi ya kutumia bomba la biskuti nyumbani bila kuharibu siagi

WAPISHI wengi wa nyumbani mjini Kitale na Bungoma wanaonunua bomba la biskuti hulitumia mara moja au mbili, kisha hulifungia kabatini. Malalamiko ni yale yale: kinyunya hakitoki, au kikitoka hakishiki kwenye trei, au maua yaliyotoka yakipendeza hugeuka vipande bapa visivyo na sura yakifika motoni.

Mara nyingi lawama huangukia kifaa. Hata hivyo, chanzo cha matatizo hayo kwa kawaida huwa ni hali ya siagi, ukubwa wa chembe za sukari na joto la trei. Mambo hayo 3 yakirekebishwa, bomba la bei nafuu hufanya kazi sawasawa na la bei ghali.

Bomba la biskuti, ambalo wengine huliita mashine ya biskuti, ni kifaa sahili. Lina mcheduara unaojazwa kinyunya, mchi wa kukisukuma, mkono wa kubana au kuzungusha, na visahani vyenye matundu ya maumbo mbalimbali kama vile nyota, ua na jani. Kila mkono unapobanwa, mchi hushuka kwa kiasi kile kile na biskuti 1 hutoka.

Biskuti za namna hii zina historia ndefu nchini Ujerumani na katika mataifa ya Skandinavia, ambako huokwa hasa wakati wa Krismasi. Jina lake la Kijerumani limetokana na kitenzi chenye maana ya kufyatua kitu kama maji yatokavyo kwenye bomba. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kifaa kinachokaribiana nacho ni mashine ya tambi yenye asili ya Kihindi. Kisahani chake chenye tundu la nyota huweza kutoa biskuti ndefu zenye mifereji.

Viungo na vipimo

Kwa biskuti zipatazo 60 ndogo, vinahitajika siagi gramu 225, sukari iliyosagwa gramu 100, yai 1, unga mweupe wa ngano gramu 280, chumvi robo ya kijiko cha chai na vanila kijiko 1 cha chai. Bekingi pauda haihitajiki. Kazi yake ni kuumua, na kinachoumuka hupoteza kingo za umbo lake. Kwa sababu hiyo, unga uliokwisha kuchanganywa na kiumuo kiwandani haufai kwa kazi hii.

Siagi ndiyo inayogharimu zaidi na ndiyo inayoamua matokeo. Majarini ya kupaka mkate iliyopunguzwa mafuta ina maji mengi, na maji hayo yakigeuka mvuke huisambaza biskuti. Mpishi anayetumia majarini hana budi kusoma maandishi ya mkebe na kuchagua ile ya kuokea. Samli nayo haina maji na huwa laini mno, hivyo biskuti hutawanyika na kumeguka ovyo.

Familia zinazofuga ng'ombe, na katika Trans Nzoia na Bungoma si chache, zinaweza kutumia siagi iliyosukwa nyumbani. Sharti ni kuiosha kwa maji baridi mara kadhaa na kuikamua kwa mwiko mpaka maji yanayotoka yawe meupe safi bila dalili ya maziwa.

Sukari ya kahawia inayouzwa katika maduka mengi ya eneo hilo ina chembe kubwa. Chembe hizo haziyeyuki haraka ndani ya siagi. Huziba matundu membamba ya kisahani na kuzifanya kingo za biskuti zichanike. Sukari hiyo isagwe kwa blenda au itwangwe kwenye kinu kisha ichekechwe. Rangi ya biskuti itakuwa nyeusi kidogo, lakini umbo litabaki.

Kuhusu yai, la kuku wa kienyeji kwa kawaida ni dogo kuliko la kuku wa kisasa. Kinyunya kikionekana kikavu na chenye nyufa, kiongezwe kijiko kidogo cha maziwa. Kikiwa laini mno, kiongezwe unga kijiko kikubwa 1 kwa wakati mmoja.

Kitale baridi, Bungoma joto

Miji hiyo 2 haiko mbali, lakini jikoni tofauti yake huonekana. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za baridi. Bungoma iko karibu mita 1,400 na mchana wake ni wa joto.

Siagi inayofaa ni ile inayobonyea kidole kikiigusa, lakini haing'ari wala kuchuruzika. Kitale asubuhi, siagi huwa ngumu. Ikatwe vipande vidogo na kuachwa jikoni saa moja au zaidi. Isiyeyushwe motoni, kwani siagi iliyowahi kuyeyuka haishiki hewa tena inapopigwa na sukari. Bungoma mchana, hatari ni kinyume chake. Ni vyema kazi ifanywe asubuhi, au bakuli likalishwe ndani ya maji baridi wakati wa kuchanganya.

Mwinuko wenyewe una athari yake. Kiwango cha joto ambacho maji huchemkia hushuka kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kila mita 300, hivyo maji huchemka karibu nyuzi 95 Bungoma na karibu nyuzi 94 Kitale. Unyevu wa kinyunya hukauka upesi zaidi kuliko Mombasa. Mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani au ng'ambo yafuatwe kwa tahadhari, na biskuti zikaguliwe dakika 2 kabla ya muda uliotajwa.

Hatua za kufuata

Siagi na sukari hupigwa mpaka ziwe nyepesi na zigeuke rangi ya maziwa. Yai na vanila huongezwa, kisha unga na chumvi. Unga ukishaingia, kinyunya kisikandwe kama cha chapati. Kuchanganya kupita kiasi huifanya biskuti kuwa ngumu. Kinyunya hiki hakiwekwi kwenye jokofu kabla ya kusukumwa, kwani kikigandamana kinaweza kuvunja mkono wa bomba.

Trei iwe ya bati au alumini, baridi, kavu na isiyopakwa mafuta. Hapa ndipo wengi hukosea. Biskuti huachana na bomba kwa sababu imeshika trei. Trei ikipakwa mafuta au kutandikwa karatasi, biskuti hufuata bomba likiinuliwa. Trei iliyotoka motoni nayo huyeyusha siagi papo hapo. Mwenye trei 2 azitumie kwa zamu.

Bomba hujazwa bila kuacha mapengo ya hewa, husimamishwa wima huku mdomo wake ukigusa trei, mkono hubanwa mara 1, mpishi husita kidogo, kisha huliinua moja kwa moja bila kulizungusha. Biskuti 3 au 4 za kwanza kwa kawaida hutoka zikiwa na kasoro. Zirudishwe kwenye bakuli. Baada ya hapo, trei iliyojaa inaweza kuwekwa mahali pa baridi kwa dakika 10 ili maumbo yakaze.

Oveni hutiwa moto mpaka nyuzi 190 na biskuti huokwa kwa dakika 8 hadi 10. Hutolewa kingo zinapoanza kugeuka rangi ya dhahabu, huku katikati kukiwa bado kweupe.

Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu juu ya jiko la makaa. Trei hukalishwa juu ya mawe 3 madogo ndani ya sufuria iliyokwisha kupata moto, na makaa mengi huwekwa juu ya kifuniko kuliko chini. Jiko hilo lisitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa haina harufu na huua.

Biashara

Mahitaji ya biskuti huongezeka Desemba, jamaa wanaofanya kazi mijini wanaporejea nyumbani, na pia Agosti ya miaka inayogawanyika kwa 2, ambapo jamii ya Wabukusu huandaa sherehe za tohara na nyumba hujaa wageni. Kwa anayetaka kuuza, faida kubwa ya bomba ni ulinganifu: biskuti zenye uzani sawa huiva pamoja, na gharama ya kila moja hujulikana. Wahenga walisema chema chajiuza.

Hata hivyo, umbo pekee halitoshi. Anayepika chakula cha kuuza anatakiwa kuwa na leseni ya kaunti na cheti cha uchunguzi wa afya. Bidhaa zilizofungwa kwa ajili ya rafu za maduka zinahitaji idhini ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), na kibandiko chake kinapaswa kuonyesha viungo, uzani, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho ya matumizi na anwani ya mtengenezaji.

Biskuti zipoe kabisa kabla ya kufungwa. Zikifungwa zikiwa na joto, mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko na zinakuwa tepetepe kabla ya siku kwisha. Zikihifadhiwa ndani ya mkebe usiopitisha hewa, hubaki kavu na zenye ladha kwa wiki 1 hadi 2, hata katika miezi ya mvua.