Sumu ya Samaki wa Mwambani: Hadhari kwa Wasafiri wa Yoti

Yoti zinazotoka Panama kuelekea visiwa vya Marquesas, katika Polinesia ya Kifaransa, aghalabu hukaa baharini majuma mengi pasipo kuona nchi kavu, na katika muda huo wote wasafiri wake, ambao mara nyingi ni mume na mke tu, au wazazi pamoja na watoto wao, hula vile walivyopakia na vile wanavyojaliwa na mshipi wa kurambaza unaoburutwa nyuma ya tezi. Kitoweo chao ni jodari na fulusi wa maji makuu, na samaki hao hawana neno, ila tu wasiachwe juani. Kwani jodari akikosa baridi, vijidudu huifanya nyama yake itoe kemikali iitwayo histamini, na mlaji huiva uso, akaumwa na kichwa na moyo ukamwenda mbio. Dhara hilo kwa kawaida hupita kwa muda wa siku moja, na dawa yake yajulikana.

Hatari iliyo kubwa zaidi huwangoja pale wanapodhani wamekwisha salimika. Yoti ikishapita mlango wa mwamba na kutia nanga katika maji matulivu ya visiwa vya Tuamotu, baharia huteremsha kihori, akazamia na mkuki wake, akarudi na chewa mnene au kolekole ambaye macho yake yang'aa na nyama yake haina harufu wala doa. Samaki huyo huenda amebeba sumu iletayo maradhi ya sigwatera, sumu isiyoonekana, isiyonuka, isiyobadilisha ladha, na ambayo haiondoki kwa kuchemshwa, wala kukaangwa, wala kutiwa chumvi, wala kugandishwa.

Asili ya sumu hii ilibainika mwaka 1977, wakati mtaalamu wa Kijapani Takeshi Yasumoto na wenzake, miongoni mwao tabibu Raymond Bagnis wa taasisi ya Louis Malardé ya Tahiti, walipokigundua katika visiwa vya Gambier kiumbe kimoja kidogo mno, kisichoonekana ila kwa hadubini, ambacho baadaye kilipewa jina la Gambierdiscus toxicus. Kiumbe hicho hukaa juu ya miani inayoota penye matumbawe yaliyokufa. Kangaja na pono huila miani hiyo pamoja na wakazi wake. Chewa, mzia na mkunga nao huwala kangaja na pono. Na kwa kuwa sumu haitoki mwilini upesi, kila alaye hurithi ya wale aliowala, hata ikawa samaki mkubwa wa mwambani, yule anayetamaniwa kuliko wote, ndiye wa kuogopwa zaidi, na hasa ini lake, kichwa chake na mayai yake.

Kwa hiyo kila linaloyaua matumbawe, liwe tufani, au joto la maji, au kazi ya mikono ya binadamu, huipa miani hiyo mahali papya pa kuota. Kisiwa cha Hao, kilichofanywa kituo cha jeshi la Ufaransa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya majaribio ya nyuklia ya Moruroa, kilipata maradhi haya kwa wingi baada ya mwamba wake kuvunjwavunjwa kwa ujenzi. Naona ni jambo la kusikitisha sana kwamba waliokuwa wakiishi kwa samaki wao tangu enzi za mababu ndio waliofikwa na msiba huo.

Mgonjwa huanza kwa kutapika na kuhara, saa chache baada ya kula. Kisha hufuata mambo ya ajabu: midomo humwasha, vidole vya mikono na miguu hufa ganzi, viungo huuma, na akishika kopo la maji baridi huliachia kwa kuwa laonekana kumuunguza. Sababu yake ni kwamba sumu hii huvishika vijilango vya sodiamu katika mishipa ya fahamu na kuviacha wazi, hata mishipa ikapeleka habari zisizo na msingi. Moyo nao waweza kwenda polepole mno. Wanaokufa ni wachache sana, walakini mwasho na uchovu huweza kuendelea majuma, pengine miezi, na kurudi tena kwa kula samaki au kunywa pombe.

Nahodha James Cook alikutana na maradhi yenye dalili hizi mwaka 1774, huko Malekula, katika visiwa viitwavyo leo Vanuatu, pale maofisa wake walipokula samaki wekundu wakubwa na kuugua siku kadha wa kadha.

Mabaharia wengi wangali wakitegemea vipimo vya kale: sarafu ya fedha inayogeuka nyeusi, inzi wasiotua, paka anayeonjeshwa kwanza. Hakuna hata kimoja kinachoaminika. Chenye faida ni kwenda kwa wavuvi wenyeji na kuuliza, maana katika kisiwa kimoja samaki wa mlango huu huliwa, na wa upande wa pili hawaguswi, na habari hizo hubadilika mwaka hata mwaka. Hata katika Bahari ya Hindi jambo hili lajulikana: huko Morisi sheria yakataza kuuza baadhi ya samaki wa mwambani.

Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe haijapatikana. Waganga hutuliza maumivu, hurudisha maji mwilini na kuuangalia moyo. Dawa ya manitoli iliyosifiwa sana ilipojaribiwa kwa uangalifu, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002, haikuonekana kupita maji ya chumvi ya kawaida. Wenyeji wa Pasifiki hunywa maji ya majani ya mti mmoja wa ufukweni, na wataalamu wameikuta ndani yake asidi ya rosmarini, ambayo wanaichunguza. Na kwa kuwa matabibu wa miji ya mbali huenda wasiyajue maradhi haya, msafiri anayeumwa aandike jina la samaki, mahali alipovuliwa na saa aliyomla, na kama kipande kimebaki, akigandishe na kwenda nacho kwa tabibu.